Gongo Moja, Karata 78

Kosa langu limechapishwa, limekatwa, limetiwa kwenye maboksi na kuuzwa, na mengine yameshavuka bahari. Nimeona nilieleze mwenyewe, kwa sababu tangu lijulikane nimesikia watu wakinisimulia kwa upole nisioustahili, ati "alighafilika tu." Sikughafilika. Niliiona ile picha, nikaipenda, nikaipitisha.

Mimi ni mchoraji. Nimezaliwa Unguja, naishi London, na sehemu ya riziki yangu inatokana na karata za taroti, zile karata 78 ambazo watu wa huku huzichanga, huzitandika mezani na kuzisoma wakitafuta habari za mapenzi, kazi na safari. Najua msomaji wa pwani ameshavuta astaghfirullah. Mama yangu naye aliivuta, akaongeza kwamba hakunisomesha ili niwe mpiga ramli. Sipigi ramli, nachora. Lakini sitajificha nyuma ya brashi, maana anayechora karata hizi anajua zitatumika kwa nini. Hata wale wanunuzi wanaosema ni burudani tu, au ni njia ya kutulia na kuyawaza mambo yao, wakishaifunua karata huitazama kwa macho mengine kabisa. Wanajitafuta humo. Na hapo ndipo kosa langu lilipopatia uzito.

Karata ambazo karibu kila mtu anazijua kwa sura zilitolewa London mwezi Desemba 1909 na kampuni ya William Rider & Son. Watu wake ni wa Ulaya ya kale: wafalme wa ndevu, mabinti wa nywele za dhahabu, mashujaa wa deraya juu ya farasi. Wasomaji wa leo wamezichoka sura hizo, na soko limewasikia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Vicki Noble na Karen Vogel walipoanza kule Berkeley, California, kuchora karata zao za Motherpeace, za duara, zenye wanawake wa mataifa mengi, kazi ya namna hii haijakoma. Siku hizi mchoraji mmoja chumbani kwake anaweza kuzitangaza karata zake mtandaoni, kupitia Kickstarter na mfano wake, akachangisha fedha za wanunuzi kabla hata hajazimaliza, kisha akazipeleka kiwandani.

Mimi nilikuwa na hoja ya ziada, ya nyumbani. Aliyecheza wahedi wasitini anajua kwamba karata yenye sura ya mtu tunaiita mzungu. Mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili, kwa kadiri ya pointi zake. Kila aina ina pointi 30, pakiti nzima 120, na ukifika 61 umeshinda. Nimezipiga karata hizo barazani tangu utotoni na sikujiuliza hata siku moja kwa nini kila mwenye uso pale ni mzungu. Na aina zenyewe, kopa, shupaza, pau na uru, tumeachiwa na Wareno, na kwao maana yake ni vikombe, panga, magongo na dhahabu. Ndizo aina nne za taroti, hizo hizo. Nilipolijua hilo nilijisikia kama mtu aliyekuta hati ya shamba la babu yake ndani ya kasha la jirani. Nikasema hizi karata ni zetu pia, nitazichora upya, na safari hii kila mtu atakuwemo.

Nikachora kwa raha zangu. Mfalme Mkuu nikamkalisha kwenye kiti cha enzi cha Lamu, cha mpingo, mgongo umesukwa kwa uzi. Yule mtoto wa karata ya Jua, ambaye mwaka 1909 alipandishwa farasi mweupe mbele ya maua ya alizeti, kwangu akawa msichana mweusi tititi juu ya punda, anacheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Malkia wa Vikombe akajitanda mtandio. Malkia wa Fimbo akawa mama mnene, mnene kweli, si ule unene wa kuombea radhi. Ukutani nilibandika orodha: rangi za ngozi, umri, maumbo, mavazi ya dini, nywele, ulemavu. Kila nilipomaliza karata nilikwenda ukutani nikatia vema.

Penye ulemavu nilitia vema mapema kabisa. Katika Tano ya Sarafu ya mwaka 1909 kuna masikini wawili wanapita kwenye theluji chini ya dirisha la vioo vya rangi, dirisha linawaka na wao wako nje. Mbele mwanamke pekupeku, nyuma mwanamume anayetembelea magongo, kengele shingoni. Theluji nikaigeuza mvua ya masika, dirisha nikaligeuza mlango wa nyumba yenye taa, mwanamume nikamfanya mwanamke wa pwani na magongo mawili nikayafanya moja. Niliichora vizuri. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye mtandio, na ncha ya gongo ilikuwa imezama kidogo kwenye tope. Nikaenda ukutani, vema, nikaendelea na Sita ya Sarafu.

Juu ya boksi nikaandika: Karata za Watu Wote.

Karata zilinunuliwa vizuri kuliko nilivyotarajia, na nikapata meza kwenye soko la wasanii wadogo huku London. Akaja msichana mmoja anayezipenda karata hizi, na nyuma yake mama yake, wa makamo, ana gongo la chuma la kushikia chini ya kiwiko. Mama akaliegemeza gongo kwenye meza yangu, akakitazama kiti cha enzi, akaniuliza kwa Kiswahili mimi mtu wa wapi.

"Unguja, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua. Hicho kiti si cha huku."

Kwao ni Mombasa, Mji wa Kale. Mambo haya, akasema, yeye hana haja nayo, ni huyu binti yake na vijana wa siku hizi, lakini picha atazitazama, picha hazina dhambi. Akazipitia zote. Hakuwa na haraka. Kwenye punda alicheka. Kwenye Malkia wa Fimbo alimwita binti yake, "Njoo umwone khalati yako." Alipofika Tano ya Sarafu akaiweka kando, akamaliza zilizobaki, kisha akairudia.

"Huyu ndiye mimi?"

Nikafurahi. Naona haya kuandika, lakini nilifurahi kwamba amejiona. Nikamwambia ndiyo mama, nilitaka kila mtu awemo.

"Na kwengine?"

"Kwengine wapi, mama?"

"Kwengine nilipo."

Sikumwelewa, au sikutaka kumwelewa. Nikaanza kumweleza maana ya karata: kwamba Tano ya Sarafu ni ufukara, ni kufungiwa mlango, ni maradhi na baridi ya nje watu wengine wakiwa ndani. Nilieleza kwa madoido yote ya mtu aliyezoea kuuza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo binti yangu akizichanga hizi, akiniona mimi, ajue njaa yaja."

Ningekuwa na adabu ningenyamaza hapo. Badala yake nikaitafuta karata ya Mtawa, yule mzee wa mlimani mwenye taa, nikamwonyesha kwamba huyu naye ana fimbo mkononi. Akaitazama. "Huo mkongojo wa busara, mwanangu. Mimi mguu wangu mbovu tu, polio, tangu mtoto. Na nimesomesha watoto kwa cherehani ya kukanyaga, kwa mguu mmoja. Hiyo hukuichora."

Binti akasema, "Mama, basi." Akatoa pesa akanunua boksi, nafikiri kwa kunionea huruma. Nikazipokea pesa zake, kamili, wala sikupunguza.

Usiku ule na siku zilizofuata nilikuwa na kinga moja tu, nikaishikilia: asili. Tano ya Sarafu ndivyo ilivyo, nilijiambia, magongo ni ya asili, mchoraji akianza kuondoa alama za asili karata hazisomeki. Kinga hii ni maarufu katika biashara yetu, na ni mbovu, na mimi nilikuwa na vitabu vya kunionyesha ubovu wake pale pale rafuni.

Magongo yale hayakutoka popote pa kale. Katika pakiti za zamani za Ufaransa, zile za aina ya Marseille, Tano ya Sarafu ni sarafu tano zimepangwa, basi. Hakuna mtu, hakuna theluji, hakuna dirisha. Kuzijaza karata ndogo zote visa vya watu ni kazi ya Pamela Colman Smith, aliyezaliwa London mwaka 1878, akalelewa baadhi ya miaka yake Jamaika, na mwaka 1899 akatoa kitabu cha ngano za Anansi alizozipata huko. Arthur Edward Waite ndiye aliyemwagiza karata, naye akazichora zote ndani ya miezi michache ya mwaka 1909. Alimwandikia Alfred Stieglitz, mpiga picha wa New York aliyewahi kumwonyeshea kazi zake, akilalamika kwamba kazi ilikuwa kubwa na malipo yake kiduchu. Hakupata mgawo wa mauzo. Alikufa Bude, huko Cornwall, mwaka 1951, ana madeni, na kwa miongo mingi karata zake ziliitwa kwa jina la mchapishaji na la mwagizaji. La kwake lilibaki kwenye kona ya picha, herufi tatu zilizosukwa pamoja, P, C na S.

Na yeye mwenyewe hakuogopa kugusa ya kale. Mwaka 1907 British Museum ilipata picha za pakiti ya Kiitaliano ya mwishoni mwa karne ya 15, iitwayo Sola Busca, na ukiiweka Tatu ya Panga yake kando ya ile ya Smith, moyo uliochomwa panga tatu, unaona wazi alichukua wapi. Alichukua alichokitaka, akaacha asichokitaka, akabuni pengine. Kwa hiyo gongo kwenye tope ni uamuzi wa mtu mmoja mwenye haraka na ujira mdogo, mwaka 1909. Mimi nilikuwa na muda, nilikuwa na fedha za wanunuzi, na nilikuwa na orodha ukutani yenye neno "ulemavu." Nilibadilisha theluji, mlango, nguo, ngozi na hata jinsia ya mtu. Gongo nikaliacha penye ufukara kwa sababu kichwani mwangu ndipo mahali pake. Asili niliitafutia baadaye.

Hapo ningeomba radhi yangekwisha kidogo. Lakini mimi ni mtu wa kutengeneza vitu, nikatengeneza. Nikachora upya karata ya Nguvu. Ya Smith ina mwanamke anayefumba kinywa cha simba kwa mikono mitupu. Ya kwangu ikawa na mama mwenye gongo, amesimama wima, simba amelala miguuni pake. Nikaichapisha peke yake na kuwatumia bure wanunuzi wote niliokuwa na anwani zao, pamoja na barua fupi yenye maneno mazuri. Sifa nilizozipata kwa ile karata zilikuwa nyingi kuliko zile za pakiti nzima.

Jibu la binti wa Mombasa lilikuwa la mstari mmoja au miwili. Mama anakushukuru, aliandika, ila anauliza simba wa nini. Amepita Tsavo kwa basi mara nyingi tu na hajawahi kuonana naye.

Kumbe kuna njia mbili za kumkosea mtu yule yule, na mimi nilitoka ya kwanza nikaingia ya pili bila ya kupumzika. Mwanzo nilimfanya alama ya dhiki, halafu nikamfanya alama ya ushujaa, na mara zote mbili sikumpa nafasi ya kuwa mtu mwenye shughuli zake.

Kisha likaja la migongo. Karata huchapwa pamoja kwenye karatasi kubwa, wino mmoja, siku moja, ndipo hukatwa na kuviringwa pembe, na ndiyo maana migongo yake hulingana. Mgongo wa karata zangu ni buluu ya nili. Ile karata ya Nguvu ilichapwa kwa wakati wake, kwa mchapaji mwingine, na buluu yake ikatoka imeiva zaidi. Niliiona tofauti hiyo nilipofungua kifurushi, nikajiambia hakuna atakayeitambua. Mnunuzi mmoja akanitumia picha: pakiti imelazwa kifudifudi, imetandazwa nusu duara, zote buluu moja, isipokuwa moja. Yeyote aliyewahi kucheza karata anajua maana yake. Karata yenye mgongo tofauti imeshafunuliwa kabla ya kufunuliwa. Nilimtoa mama wa watu kwenye ufukara nikampiga chapa mgongoni.

Kwa kuwa nimeshafungua kinywa, kuna jingine, na hili halikuwa la macho mabaya, lilikuwa uongo. Katika kijitabu kinachokaa ndani ya boksi niliandika kwamba asili ya taroti ni Misri ya kale, kwa hiyo ni urithi wa Afrika uliorudi nyumbani. Wanunuzi weusi waliupenda ukurasa huo kuliko wote, wengine waliupiga picha na kuusambaza. Si kweli, na nilipoandika nilikuwa najua si kweli. Taroti zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zikiwa karata za kuchezea, na watu walizicheza zaidi ya miaka 300 kabla Etteilla hajaanza kuchapisha vitabu vya kutabiria kwazo kule Paris, miaka ya 1780. Hadithi ya Misri iliandikwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, wakati huo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kusoma hata mstari mmoja wa maandishi ya Misri ya kale. Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Nilikuwa na kisa cha kweli mkononi, cha kopa na shupaza za barazani, kisa cha Wareno na pwani yetu, nikakiacha nikauza cha Mfaransa kwa sababu kilikuwa na piramidi.

Toleo la pili nimelichora polepole, na michoro ya penseli imepita mbele ya watu kabla sijaitia rangi, wakiwemo watu wenye ulemavu, na nimewalipa kwa muda wao. Mmoja, macho yake hayaoni vizuri, alinigombeza kwa jambo ambalo hata mwenye macho mazima angeweza kunigombeza: majina ya karata niliyaandika kwa herufi nyembamba nyeupe juu ya manjano. Sasa namba ni kubwa, nyeusi, ziko kona mbili za karata. Nguvu imerudi kuwa na mwanamke na simba wake, hana gongo. Nane ya Sarafu, ambayo kwa Smith ni fundi kwenye benchi lake akigonga sarafu kwa patasi, kwangu ni mama kwenye cherehani, mguu mmoja juu ya kikanyagio, gongo limeegemezwa ukutani kando ya marobota ya kanga. Tatu ya Vikombe, wale wanawake watatu wanaofurahi pamoja, wako harusini, na mmoja wao kaegemea gongo lake huku anapiga vigelegele. Mwingine mwenye kiti cha magurudumu yumo katika Mbili ya Fimbo, juu ya roshani, anatazama majahazi na tufe la dunia mkononi.

Tano ya Sarafu ipo, mvua ipo, mlango wenye taa upo. Wanaopita nje ni vijana wawili, miguu yao minne mizima, mmoja amevaa suti.

Mama wa Mombasa nilimpelekea michoro kupitia kwa binti yake. Ya cherehani aliikubali, ila kikanyagio akasema nimekichora upande usio wake, nikakirekebisha. Karata zenyewe bado hazitaki, na sijamshawishi.

Kijitabu hakina tena Misri. Boksi halina tena maneno "Karata za Watu Wote," lina jina la mchoraji na idadi ya karata, 78. Aliyenunua toleo la kwanza na hataki kubaki nalo, alirudishe, na fedha zake atazipata pamoja na gharama ya posta, hata kama karata zimechakaa na boksi limepotea. Mwenye ile karata ya Nguvu ya mgongo uliokolea, namwomba aiondoe kwenye pakiti kabla ya kuchanga.